Kifurushi Kina Nini Ndani? Programu za Java za Bayoinfomatiki Zinavyofungashwa kwa Ajili ya Debian

Muhula uliopita wanafunzi wetu wa somo la tafsiri walipewa zoezi ambalo lilitutoa jasho sisi walimu kuliko lilivyowatoa wao. Mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo wa kompyuta wa Linux usiolipiwa, una utaratibu wa kuwaalika watu wa lugha mbalimbali watafsiri maelezo mafupi yanayoambatana na kila programu iliyomo katika ghala lake. Tulichagua maelezo ya programu chache za bayoinfomatiki, yaani taaluma inayotumia kompyuta kuchambua maandishi ya jeni, tukidhani kuwa aya mbili tatu za Kiingereza haziwezi kumshinda mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Kazi ilikwama kwenye neno la kwanza. Mmoja aliandika "kifurushi", wa pili "bunda", wa tatu "robota", na wa nne, ambaye ana ndugu zake Mwanza na hupiga nao simu kila siku, akaandika "bando".

Tulipowauliza ndani ya hicho kifurushi mna nini, hakuna aliyejua. Kusema kweli hata sisi hatukujua, na mwalimu hawezi kusahihisha tafsiri ya kitu asichokifahamu. Ikabidi tuvuke uwanja twende kwa wenzetu wa baiolojia na kwa fundi wa maabara ya kompyuta, tukakaa nao alasiri kadhaa. Makala haya yanaeleza tuliyojifunza huko, kwa manufaa ya wale watakaokutana na matini za aina hiyo siku za usoni.

Huko baiolojia tulimkuta mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyekuwa katika hali ya kusikitisha. Tasnifu yake ilihusu bakteria waliochukuliwa kwa ng'ombe. Watahini walikuwa wamemrudishia, wakitaka aeleze kwa nini hesabu za sura ya nne hazilingani na majedwali ya kiambatisho. Hesabu za sura ya nne alizifanya miaka miwili nyuma, kwa programu ya Java aliyoinakili kutoka kwenye flashi ya rafiki yake. Kompyuta yake mpakato iliibwa baadaye. Rafiki alikwisha kuhitimu, na flashi yake ilikwisha kujazwa mambo mengine. Hakuna aliyeweza kusema lilikuwa toleo namba ngapi. Alipopakua toleo jipya na kurudia kazi, idadi ya vipande vya DNA vilivyochujwa ikawa nyingine kabisa. Miezi minne ya kazi ilibidi ifanywe upya, na hata hapo asingeweza kuwathibitishia watahini kuwa zile hesabu za mwanzo hazikuwa za kubuni. Kisa chake ndicho kilichotufanya tuache kuliona suala hili kuwa la istilahi tu.

Kwanza tueleze programu hizo zinafanya nini. Mashine inayosoma DNA haitoi utepe mmoja mrefu. Hutoa mamilioni ya vipande vifupi, na kila kipande huandikwa katika faili kwa mistari minne. Mstari wa kwanza ni jina la kipande, nao huanza kwa alama ya @. Wa pili ni herufi A, C, G na T, pamoja na N pale mashine iliposhindwa kuamua. Wa tatu ni alama ya kujumlisha. Wa nne una alama moja kwa kila herufi ya mstari wa pili, kuonyesha mashine inaiamini herufi hiyo kwa kiasi gani. Kiwango cha 20 kina maana kwamba uwezekano wa kukosea ni mara 1 katika 100, na kiwango cha 30 ni mara 1 katika 1,000. Sisi tuliokwisha kushika hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu tunaweza kumfikiria mnakili aliyepewa karatasi iliyoliwa na mchwa, naye kwa uaminifu wake akaweka chini ya kila herufi alama ya kuonyesha ana hakika nayo kiasi gani.

FastQC, iliyotungwa katika Taasisi ya Babraham karibu na Cambridge, Uingereza, husoma mafaili hayo na kuchora picha zinazomwonyesha mtafiti ubora unavyoshuka kuelekea mwisho wa vipande, herufi zipi zimezidi, na kama kuna mabaki ya kemikali za maabara yaliyosomwa kana kwamba ni DNA ya kiumbe. Trimmomatic hukata ncha mbovu za vipande. Picard hupanga na kusafisha mafaili makubwa ya vipande vilivyokwisha kulinganishwa na jenomu. Zote tatu zimeandikwa kwa Java, lugha ya kompyuta iliyotolewa na kampuni ya Sun mwaka 1995. Sifa yake kubwa ni kwamba programu huandikwa mara moja ikaendeshwa kwenye Windows, kwenye Mac au kwenye Linux. Kwa mtafiti anayetaka kazi yake itumike kila mahali, hilo ni jambo la kuvutia sana.

Sifa hiyohiyo ndiyo iliyozaa tabia ambayo wafungashaji wa Debian wanahangaika nayo hadi leo. Programu ya Java hugawiwa watu ikiwa ndani ya faili moja liitwalo jar, ambalo kwa kweli ni mkoba wa zip. Ndani yake mna msimbo uliokwisha kugeuzwa kutoka lugha anayoisoma mwanadamu kwenda lugha ya mashine ya Java. Mtunzi wa programu, ili asimsumbue mtumiaji, huweka pia humo au kando yake majar ya watu wengine anayoyahitaji: moja la kusoma mafaili yaliyobanwa, jingine la kuchora grafu, jingine la kuandika kumbukumbu. Haya aliyapata kwa kuyapakua kwenye mtandao, na waliotengeneza hayo nao walipakua ya wengine. Mtumiaji anabonyeza, programu inafunguka, kila mtu ameridhika.

Fundi wetu alitueleza jambo hili kwa maneno ya kifundi mpaka tukachoka, kisha tukamweleza sisi kwa maneno yetu, naye akakubali. Jar lisilo na msimbo chanzo ni kama tafsiri ya Kiswahili ya kitabu ambacho nakala yake ya asili haipo. Unaweza kuisoma na kuifurahia. Lakini ukikuta sentensi yenye mashaka, huna pa kwenda kuhakikisha, wala huwezi kuisahihisha kwa haki.

Debian, iliyoasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, haipokei tafsiri ya namna hiyo. Kanuni zake za programu huru, zilizopitishwa mwaka 1997, zinadai kwamba kila kitu kilichomo katika ghala lake kuu kiwe na msimbo chanzo na leseni inayomruhusu yeyote kukitumia, kukibadilisha na kukigawa. Aidha, lazima kifurushi kiundwe upya kutokana na msimbo huo, kwa vifaa vilivyomo ndani ya Debian yenyewe, na wakati wa kuundwa hakiruhusiwi kwenda kwenye mtandao kuchukua chochote. Hapa ndipo tulipotambua kwamba kufungasha si kufunga kitu karatasini. Mfungashaji wa Debian humfungua kwanza mtunzi, akaangalia kila alichobeba, akavitupa vile visivyo na asili inayojulikana, kisha akajenga upya kutoka msingi.

Tuchukue mfano wa FastQC. Matoleo yake ya miaka ya 2010 yalikuja na majar ya watu wengine ndani ya folda ya msimbo. Mfungashaji huandika katika faili la maelezo ya hakimiliki orodha ya vitu vya kuondoa, na chombo cha Debian huuondoa kila mmoja wakati wa kuchukua toleo jipya. Namba ya toleo huongezewa herufi "dfsg" ili kila mtu ajue kwamba mzigo huu umesafishwa. Halafu hutafuta kama hayo majar yaliyoondolewa yamekwisha kufungashwa Debian kama maktaba zinazojitegemea, ambazo hukaa mahali pamoja panapojulikana, katika saraka ya /usr/share/java. Ikiwa hayapo, hana budi kuyafungasha kwanza, na kila moja lina majar yake linaloyahitaji. Mtu aliyedhani anafungasha programu moja hujikuta na kumi.

Hata maktaba ikiwapo, si lazima iwe ileile. FastQC ya wakati huo ilitumia jar la zamani la kusoma mafaili ya vipande vilivyolinganishwa. Maktaba hiyo baadaye ilihamishwa ikapewa jina jipya, HTSJDK, na majina ya sehemu zake za ndani yakabadilishwa pia. Debian haitaki kubeba ya zamani na mpya kwa pamoja bila sababu. Kwa hiyo mfungashaji huandika kiraka, yaani maelekezo mafupi yanayosema: katika faili fulani, badala ya mstari huu weka huu. Viraka hivyo huhifadhiwa hadharani ndani ya kifurushi, kila kimoja na maelezo yake, kama vile mhariri mwaminifu anavyoweka tanbihi pale alipogusa maneno ya mwandishi.

Kuna pia wasaidizi wa kuunda programu za Java, Maven na Gradle, ambao kazi yao ya kawaida ni kwenda mtandaoni kuleta kila kinachohitajika bila kumuuliza mtu. Mbele ya kanuni ya Debian wanakuwa kama mtoto aliyezoea kutumwa dukani, leo anaambiwa apike kwa vilivyomo ghalani. Debian imelazimika kutengeneza vyombo vya kuwaelekeza wasome maktaba zilizomo katika diski badala ya mtandao. Picard, inayoundwa kwa Gradle, ni miongoni mwa programu zinazopitia njia hiyo.

Suala la leseni tulidhani ni la wanasheria, kumbe ndilo lililochelewesha Java nzima. Kwa miaka mingi Java ya Sun haikuwa programu huru. Programu ya baiolojia ingeweza kuwa huru yenyewe, lakini kwa kuwa haikuweza kuendeshwa bila Java hiyo, iliwekwa katika ghala la pembeni liitwalo contrib, kama mgeni aliyekaribishwa barazani asiingie ndani. Novemba 2006 Sun ilitangaza kwamba itaifungua, na Mei 2007 sehemu kubwa ya msimbo ilitolewa kwa jina la OpenJDK. Debian 5.0, iliyotoka Februari 2009, ilikuwa nayo katika ghala kuu. Mlango wa programu za Java za baiolojia ukafunguka hapo. Lakini leseni za watunzi wenyewe zimeendelea kuwa kikwazo. GATK ya Taasisi ya Broad huko Marekani, ambayo ni maarufu sana kwa kutafuta tofauti za jeni, katika baadhi ya matoleo ya kabla ya la 4 iliwataka wenye biashara walipie, na Debian haipokei katika ghala kuu programu inayombagua mtumiaji kwa sababu ya kazi yake. Toleo la 4, lililotoka Januari 2018, ndilo lililotolewa lote kwa leseni huru.

Msomaji atauliza: kwa nini kujitesa hivi, na jar la mtunzi linafanya kazi? Swali hili tulimuuliza fundi kwa ukali kidogo. Akatukumbusha Desemba 2021. Mwezi huo iligunduliwa kwamba Log4j, maktaba ndogo ya Java ya kuandika kumbukumbu, ilikuwa na kasoro iliyomwezesha mtu wa mbali kuitwaa kompyuta kwa kuifanya iandike mstari mmoja wa maneno. Dunia nzima ilihangaika, na sehemu kubwa ya mahangaiko haikuwa kurekebisha kasoro bali kuitafuta, maana Log4j ilikuwa imefichwa ndani ya majar yaliyo ndani ya majar mengine, na wenye kompyuta hawakujua kama wanayo. Katika Debian maktaba hiyo ni kifurushi kimoja. Kilirekebishwa, kikasambazwa, na kila programu inayokitegemea ikapona bila kuguswa. Hatukuwa na swali jingine juu ya hilo.

Faida ya pili inatuhusu zaidi sisi wa vyuo vyenye intaneti ya kusuasua. Kwa kuwa vifurushi vyote vya Debian vinatosheana vyenyewe kwa vyenyewe, ghala linaweza kunakiliwa kwenye diski likawekwa katika seva ya chuo, na maabara nzima ikasakinisha FastQC kwa amri moja hata siku ambayo mtandao umekatika. Programu inayojiletea vipande vyake kutoka nje wakati wa kuundwa haiwezi kufanya hivyo.

Ya tatu ndiyo iliyomfanya yule mwanafunzi wa uzamili anyamaze kwa muda mrefu. Debian ina hifadhi iitwayo snapshot, inayotunza vifurushi vya miaka iliyopita, siku kwa siku, pamoja na msimbo chanzo wake. Mtu aliyeandika katika daftari lake namba kamili ya toleo la kifurushi anaweza kurudi akalichukua lilelile. Tena tangu mwaka 2013 wanadebian wamekuwa wakifanya kazi ya kuhakikisha kwamba msimbo uleule ukiundwa mara mbili, na watu wawili tofauti, unatoa faili lilelile mpaka biti ya mwisho. Kwa Java kikwazo kimojawapo kilikuwa kidogo cha kuchekesha: mkoba wa zip huandika saa ambayo kila faili liliwekwa humo, kwa hiyo majar mawili yaliyoundwa kwa kupishana dakika moja hayafanani. Kuna chombo kinachofuta saa hizo na kuweka moja iliyokubaliwa.

Kazi hii kwa upande wa baiolojia na tiba hufanywa na kundi liitwalo Debian Med, lililoanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Mjerumani Andreas Tille, ambaye mwaka 2024 alichaguliwa kuwa kiongozi wa mradi mzima wa Debian. Wengi wao hujitolea. Ghala zima la Debian sasa lina vifurushi zaidi ya 60,000, na wanaozitunza zile za Java za baiolojia ni wachache mno kwa uzito wa kazi yenyewe.

Tusimdanganye msomaji kwamba kila mtu anakubaliana nao. Watafiti wengi wa jeni hutumia Bioconda, ghala jingine lililoanza katika miaka ya 2010, ambalo kwa programu nyingi za Java hulichukua jar la mtunzi kama lilivyo na kulipa namba ya toleo. Hupata matoleo mapya upesi, ilhali toleo thabiti la Debian hutoka takriban kila baada ya miaka miwili na katikati halibadiliki sana. Mwenzetu mmoja wa baiolojia alitwambia waziwazi kwamba hawezi kungojea. Tatizo jingine ni Java yenyewe kusonga mbele. Debian 13, ya Agosti 2025, inatumia OpenJDK 21 kama Java yake ya kawaida, na programu zilizoandikwa enzi za Java 8 huvunjika kwa sababu baadhi ya sehemu walizozitegemea ziliondolewa katika Java 11. Mtunzi alikwisha kupata shahada yake na kuondoka; mfungashaji ndiye anayebaki na kiraka mkononi. Kwa maoni yetu Bioconda inafaa kwa anayechunguza jambo jipya wiki hii, lakini kwa tasnifu itakayoulizwa maswali baada ya miaka mitatu tungependa zaidi kitu chenye asili inayoonekana.

Turudi darasani. Neno "kifurushi" lilishinda, na "kufungasha" likafuatana nalo, ijapokuwa yule wa "bando" hakuridhika. Kwa mtunzi wa awali wa programu, Waingereza hutumia neno la upande wa mto unakotoka maji. Wanafunzi wawili walilitafsiri hivyohivyo, na sentensi ikasomeka kana kwamba FastQC inavuliwa mtoni. Tulikubaliana juu ya "mtunzi asilia". Kazi ilikuwa kwenye vile vitu ambavyo programu inavihitaji ili iweze kufanya kazi. Wengi wameshazoea kuviita "tegemezi". Tuliwaonyesha wanafunzi kwamba katika Kiswahili mtegemezi ni yule anayemwegemea mwenziwe, kama mtoto kwa mzazi, kumbe hapa kinachotajwa ni kile kinachoegemewa. Kwa mantiki ya lugha, FastQC ndiyo tegemezi, na HTSJDK ni tegemeo lake. Nusu ya darasa ilikubali. Nusu nyingine ilishikilia kwamba neno limeshaenea na watu wanaelewana. Rasimu tuliyoandaa ina "tegemeo", na wanaopinga wameomba wiki mbili zaidi kabla haijatumwa.